Watoto Wetu na Mwaka 1961

Mtoto wa shule akiulizwa nchi yetu ilipata Uhuru lini, hujibu upesi: tarehe 9 Disemba, 1961. Jibu hilo ni sahihi, na mwalimu humpa alama yake. Lakini mwulize tena: ilikuwa siku gani ya juma? Mwaka ule ulikuwa wa mvua au wa ukame? Bibi yake asiyejua kusoma aliihesabuje siku ile? Hapo mtoto hunyamaza, na mara nyingi baba yake hunyamaza pamoja naye. Kunyamaza huko ni hasara. Tarehe isiyojulikana ila kwa tarakimu zake ni debe tupu, na debe tupu kila apitaye aweza kulijaza atakacho. Kesho atatokea mtu awaambie watoto wetu kwamba Uhuru ulikuwa zawadi tuliyoletewa, nao hawatakuwa na neno la kumjibu.

Twapendekeza basi kwamba mwaka ule uingizwe nyumbani kwa njia ya kalenda. Pengine ukutani kwako, au katika ofisi ya tawi lako, imesahauliwa kalenda ya mwaka 2023. Usiitupe. Siku za mwaka 2023 zilipangwa sawasawa na siku za mwaka 1961: Januari mosi Jumapili, Disemba 9 Jumamosi. Sikukuu za dini tu ndizo zisizolingana. Ifute namba ya mwaka, andika 1961, umpe mtoto. Mwambie aigeuze namba hiyo juu chini, naye ataona kwamba yasomeka vilevile. Atacheka, na hataisahau.

Kisha aoneshwe kwamba siku moja yaweza kuhesabiwa kwa hesabu nyingi. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa Dar es Salaam saa sita ya usiku. Kwa kalenda ya ofisini, Jumamosi ilianza wakati ule ule. Kwa hesabu ya wazee wetu wa pwani, Jumamosi ilikwisha kuingia tangu jua lilipotua, na saa sita zake zilikwisha kupita. Kadhalika jina lenyewe lasema kwamba hiyo ndiyo siku ya mosi katika juma la Kiswahili. Kwa kalenda ya Hijra ulikuwa mwaka 1381, Mfunguo Tisa ukimalizika na mwezi wa Rajabu ukikaribia kuandama. Kwa hiyo usiku ule haukuwa na mbalamwezi. Katika giza hilo Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge juu ya Kilimanjaro. Na kwa kalenda ya Kanisa yalikuwa majuma ya Majilio, yaani wakati wa kungojea.

Mkulima naye alikuwa na kalenda yake. Mwaka 1961 ulitangulia na ukame, na njaa ikapita katika sehemu nyingi za nchi. Kisha vuli ikaja na mvua kubwa isiyo ya kawaida. Maji ya Ziwa Victoria yakaanza kupanda, na hata kufika mwaka 1964 yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili. Mzee wa Mwanza au Musoma aweza kuusahau mwaka kwa tarakimu, asiusahau kwa shamba lake lililomezwa na ziwa. Mfanyakazi pia anayo siku yake katika mwaka ule: Jumatatu, Mei mosi, sikukuu ya wafanyakazi, ndiyo siku tuliyopata Madaraka ya ndani na Mwalimu Nyerere akawa Waziri Mkuu. Na mtoto akihesabu kurudi nyuma kutoka Disemba 1961 hata tarehe 7 Julai, 1954, siku TANU ilipozaliwa, atapata miaka saba na miezi mitano ya kazi. Zawadi haihesabiwi hivyo.

Wako watakaosema kwamba kalenda nyingi zitamchanganya mtoto. Hatukubaliani nao. Mtoto huyu huanza shule kwa Januari, hula Idi kwa mwezi wa angani au Krismasi kwa Disemba, humsaidia mama yake kupanda kwa mvua, na husoma saa kwa kuchomoza na kutua kwa jua. Kalenda zote hizo amekwisha kuishi nazo. Kilichobaki ni mtu mzima wa kumwambia kwamba ndizo walizoishi nazo waliompatia Uhuru, na kwamba hakuna mojawapo ya kuionea haya.

Lakini jambo hili halingoji. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka ule sasa amevuka 70, na kila mwaka tunawazika wengi wao pamoja na hesabu zao. Kila tawi la Chama lina wazee wa namna hiyo. Kabla ya Disemba 9 ijayo, wenyeviti wa matawi na wawaite, na wazazi wawalete watoto pamoja na kalenda zile za zamani na kalamu. Mzee aseme alikuwa wapi, kulikuwa na mvua au hapana, alikula nini siku ile. Na mtoto aandike maneno hayo katika kisanduku cha Jumamosi ile, kwa mkono wake mwenyewe.