Siyo mgongo uliomuua, ni kidonda

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki mbili hizi. Nilikuwa msibani. Tumemzika binamu yangu, niliyekuwa nikigombania naye maembe utotoni. Mwaka jana alianguka na bodaboda, uti wa mgongo ukavunjika, miguu ikapooza palepale. Lakini niwaambie ukweli: siyo mgongo uliomuua. Ni kidonda cha kulalia kilichoanzia makalioni, kikachimba hadi kwenye mfupa, kikatia sumu kwenye damu.

Hospitali siitaji, na manesi wake siwalaumu. Niliwaona wakihangaika naye. Nilimuuliza mmoja kwa nini hawakuwa wanamgeuza. Akanijibu kwa upole: "Kaka, sisi tulifundishwa mgonjwa wa mgongo asiguswe."

Jibu hilo limeninyima usingizi. Ni ukweli nusu. Mgonjwa huyo hageuzwi ovyo, lakini lazima ageuzwe. Watu watatu au wanne wanamviringisha kama gogo, kichwa, mabega na nyonga vikienda pamoja. Ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa.

Na wala si mpya. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, alikabidhiwa askari waliovunjika migongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Zama hizo watu wa namna hiyo walihesabiwa kuwa wafu watarajiwa. Vidonda na maambukizo ya mkojo viliwamaliza upesi. Guttmann hakuwa na dawa ya kuunga neva za mgongo zilizokatika. Hata leo dawa hiyo hatuna. Alichofanya ni kuhakikisha wanageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kibofu kinatunzwa, kisha wanapewa kazi na michezo. Wakaishi. Mashindano aliyoyaanzisha hapo mwaka 1948, yakiwa na washiriki 16, ndiyo mbegu ya Paralimpiki.

Sasa jamani, kumgeuza mtu kwa saa nako tunasubiri wafadhili?

Najua mtaniambia tunayo MOI pale Muhimbili, tunayo KCMC Moshi, na majirani zetu Kenya wana hospitali nzima ya majeruhi wa mgongo jijini Nairobi. Sawa. Lakini bodaboda haichagui pa kuangukia, na mnazi hauangushi watu karibu na Muhimbili. Majeruhi hupokelewa kwanza wilayani, na akiruhusiwa anarudi huko huko kuishi. Kwa hiyo anayepaswa kujua ni nesi na tabibu wa kule.

Ajue kukagua ngozi kila siku. Ajue kumfundisha mgonjwa kujitoa mkojo kwa mpira safi. Ajue kwamba aliyeumia shingo au kifua cha juu anaweza kupandwa ghafla na presha ya kuua, kisa mpira wa mkojo umeziba tu. Huyo unamkalisha, unazibua mpira. Asiyejua atamlaza, na presha itazidi.

Tena tuandike. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na majeraha haya. Nilipouliza wilayani kwetu wangapi wamo hai mwaka mmoja baada ya kuruhusiwa, hakuna aliyenijibu. Utafiti si lazima uanze na mashine. Unaweza kuanza na daftari: nani alipata kidonda, siku ya ngapi, nani yu hai.

Wapo watakaosema pesa hakuna, malaria bado inatusumbua. Nawauliza: kusafisha kidonda miezi saba na kumgeuza mtu kitandani, kipi ghali?

Binamu yangu ameacha mtoto wa miaka mitatu. Wewe mwalimu wa chuo cha uuguzi unayesoma hapa, nakuomba jambo moja. Wiki hii mlaze mwanafunzi mmoja kitandani, wenzake wajifunze kumgeuza.