Sikio Lina Mlango wa Pili

Mtu mzima anapoanza kupoteza usikivu, jamii yetu huwa na neno moja tu la kumwita: kiziwi. Likishatamkwa neno hilo, shauri limekwisha. Mwenyewe hujitenga na mazungumzo, nasi tunaona kuwa ndiyo hali yake. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba hukumu hiyo hutolewa upesi mno, na kwamba baadhi ya wanaohukumiwa wangeweza kusikia tena bila ya kupasuliwa.

Kwanza tukumbuke namna sikio linavyofanya kazi. Mawimbi ya sauti huingia katika tundu la sikio na kuitikisa ngoma yake. Vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, hupeleka mtetemo huo hadi kwenye koklea, kiungo chenye umbo la konokono kilichojaa majimaji. Humo chembehai zenye vinyweleo huugeuza mtetemo kuwa ishara ambazo neva huzipeleka kwenye ubongo. Hii ndiyo njia ya hewa. Lakini koklea imezungukwa na mfupa wa fuvu. Fuvu likitetemeka, majimaji nayo hutetemeka. Hii ndiyo njia ya mfupa. Mnamo mwaka 1932, mtaalamu wa Hungaria, Georg von Békésy, alionyesha kuwa sauti iliyopitia hewani na sauti iliyopitia mfupani zaweza kufutana ndani ya sikio. Kwa hiyo milango ni miwili, bali chumba ni kimoja.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa uma wa sauti. Augonge, kisha aweke kitako chake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio la mwanafunzi hadi mwanafunzi aseme kuwa hasikii tena. Hapo ausogeze karibu na tundu la sikio. Mwenye sikio zima atausikia upya, kwa sababu mlango wa hewa ndio ulio bora zaidi. Ikiwa mfupa ndio unaosikia zaidi, yamkini mlango wa hewa umezibika. Kipimo hiki kilielezwa na daktari wa Ujerumani, Heinrich Adolf Rinne, mwaka 1855, na kingali kikitumika hospitalini.

Basi yuko mtu ambaye ngoma ya sikio imetoboka, au vifupa vyake vimeharibika kwa maradhi ya usaha ya muda mrefu, lakini koklea yake ni nzima. Shimesikio ya kawaida huziba tundu la sikio, na sikio linalotoa usaha halifai kuzibwa. Mtu huyu anahitaji kifaa cha njia ya mfupa: maikrofoni hupokea sauti, kikuzaji huiongezea nguvu, na kitetemeshi huipeleka mfupani. Kifaa hicho hushikizwa kichwani kwa utepe, kwa mkono wa miwani, au kwa kibandiko nyuma ya sikio. Hakuna kisu wala kitanda cha hospitali.

Wako watakaopinga kwamba kifaa cha namna hii ni hafifu. Hawakukosea kabisa. Ngozi na nyama hupunguza nguvu za mitetemo, hasa ya sauti nyembamba kama zile za herufi *s* na *f*. Na utepe ukibana mno huleta maumivu. Ndiyo maana huko Gothenburg, Uswidi, mwaka 1977, madaktari walianza kushikiza kifaa kwenye parafujo ya titani iliyopachikwa mfupani. Aidha, ambaye koklea yake imechakaa kwa uzee au kwa makelele ya mitambo hatapata faida kubwa, maana tatizo lake limo chumbani, halimo mlangoni.

Hata hivyo, kasoro hizi hazitoshi kukiweka kando kifaa hiki. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza upasuaji wa kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya koklea, na hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini upasuaji wa aina hiyo ni wa watu wachache wenye shida nyingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu milioni 430 walihitaji msaada kwa ajili ya upungufu wa usikivu. Umati kama huo hauwezi kungojea madaktari wapasuaji pekee. Mwalimu asiyewasikia wanafunzi wake, au mchuuzi asiyemsikia mteja, anahitaji kufanya kazi leo.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Hospitali zetu za mikoa ziwe na vifaa vya utepe vya kujaribia, ili kila mtu mzima apimwe njia zote mbili kabla ya kuambiwa kwamba hakuna la kufanya. Nanyi walimu na wanafunzi, somo la sauti lisiishie kwenye mtihani. Mkirudi nyumbani na kumkuta mzee asiyesikia, msimwite kiziwi, mpelekeni akapimwe.