Uvumi wa Stafurumu na Shule za Mlimani

BARAZA LA JUMA
Na Muhindo Salehe

Mtu akitaka kujua hali ya chuo asimwendee mkuu wa chuo, wala asipoteze wakati kwenye ubao wa matangazo, bali aingie jikoni amwulize mpishi; kwa kuwa mkuu wa chuo hana budi kusema maneno ya matumaini, na ubao aghalabu husahauliwa ukabaki na ratiba ya muhula uliokwisha, ilhali mpishi hupimiwa unga wa posho kila asubuhi kwa hesabu ya vichwa. Katika chuo kimoja cha ualimu upande huu wa Ruwenzori, mpishi aliyezeeka na sufuria zake alikuwa na desturi ya kumwuliza mkufunzi wa zamu, "Mwalimu, leo wanakula wangapi?" na jibu lilipoanza kushuka muhula baada ya muhula, yeye ndiye aliyetangulia kusema kwamba chuo kinaondoka, wakati wakufunzi wenyewe walikuwa bado wanabishana kama waraka wa wizara ulimaanisha hivi au vile.

Asili ya mambo haya ni Sera ya Taifa ya Walimu iliyopitishwa na Baraza la Mawaziri mwaka 2019, ambayo imetaka kila mwalimu wa Uganda, awe wa chekechea, wa msingi au wa sekondari, awe na shahada ya kwanza. Na kwa neno hilo cheti cha Gredi ya Tatu, ambacho kijana alikipata kwa kusoma miaka 2 baada ya kidato cha nne, kikahukumiwa. Serikali ilikuwa na vyuo vya ualimu wa msingi 46 nchi nzima, na upande wetu tukawa na chetu cha Bwera, kwenye njia ya kwendea mpaka wa Kongo. Nusu ya vyuo hivyo, yaani 23, viliitwa viini, na ikatoka kauli kwamba viini ndivyo vitakavyobaki na kazi ya ualimu, na vingine vitafutiwa shughuli nyingine, ufundi ukitajwa zaidi. Ikaundwa taasisi mpya ya taifa ya elimu ya walimu, UNITE, na vyuo vya taifa vya Kaliro, Kabale, Mubende, Muni na Unyama vikatiwa chini yake. Usajili wa Gredi ya Tatu ukasimamishwa. Fauka ya hayo, maradhi ya Korona yalikuwa yamezifunga shule zetu, kabisa au kwa sehemu, toka Machi 2020 mpaka Januari 2022, hata wakufunzi wakazoea kuamka katika chuo kisicho na kengele.

Walipo watu wenye mshahara na wasio na kazi ya kutwa, uvumi haukosi mwenyeji. Wako wanaosema majengo yatakabidhiwa watu wa ufundi, na kwamba palipofundishwa saikolojia ya mtoto patafungwa vyerehani na mashine za kuchomelea vyuma; wako wanaoapa kwamba wote watapelekwa sekondari, na mtu aliyefundisha walimu kwa umri wake mzima ataanza kuwaamuru vijana wa kidato cha kwanza wachomekee mashati; wako wanaodai kuwa wenye shahada ya uzamili watachukuliwa UNITE na waliobaki watastaafishwa kabla ya wakati; na yuko daima mmoja, aghalabu mwenye shemeji wizarani, ambaye hasemi neno ila hutabasamu, na tabasamu lake hufasiriwa na kila kundi kwa mujibu wa haja yake.

Sioni sababu ya kuwalaumu, maana kumbukumbu zao ni sahihi. Wakongwe hukumbuka Shimoni, chuo na shule ya mazoezi vilivyokuwa katikati ya Kampala, vilivyobomolewa mwaka 2006 ili kampuni ya mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudia ijenge hoteli kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola wa 2007. Mkutano ukaja ukapita, hoteli haikuwapo, na chuo kilikwisha hamishiwa Kira huko Wakiso. Hukumbuka pia Chuo Kikuu cha Busoga, kilichonyang'anywa leseni mwaka 2017, na watumishi wake wakabaki wakihesabu ahadi. Kweli, upo na mfano mwema: Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon pale Fort Portal, kilichoanza mwaka 2005 kwa juhudi za wenyeji, kikapita katika dhiki na tetesi za namna hizi hizi, mwishowe kikawa cha serikali mwaka 2022. Basi mtu mwenye mifano ya namna hizi mbele yake, akanyimwa barua moja ya kumweleza yeye yumo katika upi, atafanya nini ila kubahatisha? Ofisi iliyonyamaza haina haki ya kuwakemea waliosema.

Ila nina hoja na hao wasemaji, nayo ni kwamba wamelikamata jambo kwa upande usio na uzito. Mkufunzi aliyeajiriwa na serikali yumo katika orodha ya mishahara, na orodha hiyo ikimhamisha itamhamisha yeye na mshahara wake. Atanung'unika, atahama nyumba, lakini atakula. Wa kuhofiwa hali zao ni mpishi, mlinzi, mpasua kuni na matroni, ambao wengi wao hulipwa na chuo chenyewe kwa fedha zinazokuja na wanafunzi, na mwanafunzi akitoweka ijara yao hutoweka naye pasipo waraka wowote. Katika mabishano yote niliyoyasikia, sijasikia jina la mpishi.

Na nyuma ya hao wako watu wa Bwesumbu. Bwesumbu iko juu kwenye miteremko, nchi ya kahawa na ya njia ambazo mvua ikinyesha pikipiki husukumwa badala ya kupandwa. Mtaala ulioanza mwaka 2007 umeagiza watoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu wafundishwe kwa lugha ya kwao, ambayo huko ni Lukonzo, na kwa muda wote huo aliyeweza kuitimiza kazi hiyo alikuwa kijana wa huko huko, mtoto wa mkulima ambaye karo ya kidato cha tano na cha sita ingemshinda baba yake, akashuka Bwera, akajifunza kuchora herufi kwa rangi juu ya gunia lililokunjuliwa, akalining'iniza kwenye boriti ya darasa lisilo na ubao wa maana, akarudi kwao na cheti. Sasa kijana huyo ameambiwa apande kwanza kidato cha sita, kisha chuo kikuu. Sikatai shahada, elimu kuongezeka ni heri. Lakini mwenye shahada na asiye na mizizi mlimani, akipangiwa Bwesumbu, atatafuta uhamisho kabla kahawa haijaiva, na hilo kila mzazi wa huko analijua bila ya kuvumishiwa.

Na hii si mara ya kwanza ngazi kuinuliwa. Walimu wa Gredi ya Pili walichukuliwa baada ya darasa la saba wakasomeshwa miaka 4, na nchi ikawategemea; ikaja tume ya Profesa William Senteza Kajubi, iliyotoa ripoti mwaka 1989, na Waraka Mweupe wa 1992, vikaifanya Gredi ya Tatu kuwa ndicho kiwango cha chini. Gredi hii inayoliliwa leo ndiyo iliyoizika ile. Tofauti ni kwamba wakati ule, mwaka 1993, serikali na wafadhili walianzisha mpango wa kuwafuata walimu makazini mwao: mkufunzi wa kituo, ambaye tumezoea kumwita CCT, akapewa pikipiki na kundi la shule, akawa anakaa nyuma ya darasa, anaandika, na baadaye anamketisha mwalimu chini ya mti wanasahihishana. Hata elimu ya bure ilipokuja mwaka 1997 na wanafunzi wa msingi wakaruka wakapita milioni 5, ni watu hawa waliowashika mkono walimu wengi waliokuwa wameingia darasani bila ya mafunzo.

CCT huyo ni mtu wa vyuo hivi hivi, na katika uvumi wote wa stafurumu ndiye ninayemwona ametajwa kwa uchache kuliko majengo na kuliko magari. Madiwani wa wilaya yetu ya Kasese watakapokutana Rukoki, makao ya wilaya, wasijishughulishe sana na swali la vyerehani vitakaa chumba gani. Wamwite afisa elimu wa wilaya, wamtake aandike, kwa majina ya shule, ni nani atakayekwea Bwesumbu muhula ujao kumkagua mwalimu wa darasa la kwanza, atakwea kwa pikipiki ya nani, na mafuta yake yatatoka katika fungu gani.