Ujauzito na Virusi vya UKIMWI

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa huku kwetu Kagera mwaka 1983. Ugonjwa tukauita Juliana. Miaka ile, mwenye virusi akishika mimba, majirani walimlilia yeye pamoja na mtoto.

Leo sivyo. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 kwa kila 100 huambukizwa; mama akimeza dawa kila siku, hawafiki 5. Basi mkikosa siku zenu msingoje tumbo lionekane. Nendeni kliniki mapema, Ndolage au zahanati ya karibu, na baba wa nyumba aje apimwe. Jifungulieni hospitali, mtoto naye apewe dawa yake.

Wengi wetu tunakwama kwenye kunyonyesha. Miezi 6 ni ziwa peke yake, bila maji wala uji. Vyakula huchubua utumbo mchanga, virusi vikapata njia. Lakini bibi anakuja na ndizi aliyoiponda kwa upendo! Kumkatalia mama mkwe bila kutoboa siri si kazi ndogo. Mwambieni nesi amekataza kwa watoto wote. Ni kweli, amekataza.