Kuona Picha si Kuona Sanamu

Kuna tabia imetuingia wanafunzi wa mitaa ya Eastlands. Tukiulizwa kuhusu sanamu za mashujaa wetu, tunafungua kitabu au simu, tunatazama picha mara moja, kisha tunajigamba, "Hiyo nimeiona!" Kwa maoni yangu, bado hujaiona.

Picha ni bapa. Ina upande mmoja tu, ule aliouchagua mpiga picha. Sanamu ina mbele na nyuma, ina kimo, na kivuli chake hubadilika jua likisonga. Kuiona vizuri ni kazi ya macho na miguu pia.

Chukueni sanamu ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Kitabuni inatoshea kiganjani. Lakini pale mjini, katika barabara yenye jina lake, ni wewe unayeinua shingo. Ana bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, na kila hatua unayopiga kumzunguka inakuonyesha mtu mwingine.

Naye Tom Mboya alikuwa mbunge wa Kamukunji, huku kwetu. Sanamu yake ya mwaka 2011 iko Moi Avenue, karibu na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Simama hapo makanga wakiita abiria. Utaelewa kwamba aliuawa mchana, kati ya watu waliokuwa katika shughuli zao. Picha gani itakwambia hayo?

Hata si lazima tufike mjini. Gikomba kuna wachongaji. Pichani kila kinyago cheusi ni mpingo. Hebu kishike! Mpingo halisi ni mzito hata huzama majini, lakini mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu utajitoboa siri wenyewe mkononi mwako.

Najua wako watakaosema, "Nauli je? Na vipindi je?" Kutoka Gikomba hadi mjini ni mwendo wa miguu, na Jumamosi moja haitatufelisha mtihani. Kwa hivyo nawaomba walimu wetu wapendwa na viongozi wa chama: mwaka ujao tufanye ziara hiyo, kisha kila mmoja aandike insha ya alichokiona kwa nyuma ya sanamu.

Wahenga walisema kusikia si kuona. Enyi wenzangu, tukaone!