Herufi Nene Nayo Ina Kazi Yake

Wapo wajuzi wa uchapaji waidharauo herufi nene ya mviringo, wakidai kwamba ni ya kitoto. Madai hayo hatuyakubali. Cooper Black, herufi aliyoibuni Oswald Cooper mjini Chicago, ilitolewa mwaka 1922 na kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler, ikatumika sana katika matangazo. Unene wake humwita mpita njia aliye mbali. Nazo ncha zake, kwa kuwa ni butu, husitiri kasoro za uchapaji duni. Tangazo ni la umma mzima, si la wenye macho makali peke yao. Je, kumjali msomaji ni utoto?

Lakini nao waitumiao kuchapa ukurasa mzima wanakosea. Matundu ya “a” na “e” ni madogo mno. Herufi ikipunguzwa huzibika, na jicho huchoka. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ikilia kutwa kucha, nani ataitikia? Basi mwalimu na mwanafunzi watengenezao gazeti la ukutani waiweke katika kichwa cha habari, si katika habari yenyewe. Kosa si la herufi, bali la mkono ulioiweka pasipo pake.