Njia panda ya Mkwiro haitaki mishale

Wadau, leo ramani. Kwenye OpenStreetMap yeyote anaweza kuchora, na kuna watu wanapenda kuchora njia panda hadi mishale ya kila leni. Kwa Ukunda, pale unapokata kuingia Diani, poa, magari yapo. Lakini Mkwiro? Kisiwa cha Wasini hakina magari, jamani!

Huku vijia vikikutana, nukta moja yatosha. Nguvu zako peleka kwingine: kijia kina upana gani, mawe makali yanaanzia wapi, watu wanne wakibeba mgonjwa usiku kwenda kupanda boti ya Shimoni watapita, ama wakate kushoto?

Utasema wenyeji wanajua njia. Sawa. Na nesi aliyeletwa jana je?